Tinti nyeusi sio tinti ya joto: niliyoyaona na gari yangu hapa Dodoma

Nianze na kitu ambacho ningeambiwa mapema kingeniokolea hela na presha. Weusi wa kioo na ubaridi ndani ya gari ni vitu viwili tofauti kabisa. Unaweza kua na tinti nyeusi tii na bado unaiva humo ndani, na unaweza kua na kioo ambacho trafiki akisimama pembeni anakuona mpaka miwani uliyovaa, na mkono wako hauungui. Mi nilikaa karibu mwaka mzima nikiamini kinyume chake, na sijui ni wangapi hapa mjini bado wanaamini hivyo, mana kila gereji ukifika swali la kwanza ni "unataka nyeusi kiasi gani", hakuna anayekuuliza unataka kuzuia nini.

Watu wa Dar wakija huku wanasema joto la Dodoma afadhali, halina jasho. Ni kweli hewa yetu kavu, usiku unapoa, tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ila jua la saa nane mchana mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni jingine bana, mvua bado, majani yamekauka yote, wingu hata moja hamna, na gari imeshinda parking tangu asubuhi. Unafungua mlango inakutoka hewa kama umefunua sufuria, unakaa, unavuta mkanda, ile chuma ya mkanda inakugusa mkononi unaruka.

Alafu sisi tunaofanya kazi Mtumba tuna shida yetu ya peke yetu. Mji wa Serikali uko huko Mtumba, mashariki, nyumba zetu nyingi ziko mjini, Area D, Kisasa, Nkuhungu huko. Kwaiyo asubuhi unaendesha kuelekea jua na jioni unarudi unaelekea jua. Na nimekuja kugundua kwamba mkono wa kulia wa dereva unaungua kwa zamu: mwezi wa kumi na mbili jua limehamia kusini, asubuhi ukielekea Mtumba linakupiga upande wa kulia. Mwezi wa sita limehamia kaskazini, asubuhi linamsumbua abiria wako kushoto, ila jioni ukirudi linakuja tena kwako. Nilivyoanza kuliangalia hivyo ndio nikaelewa kwa nini mkono wangu wa kulia umekua mweusi kuliko wa kushoto.

Gari yangu ni Spacio, ilikuja na vioo vyeupe kote. Nilivyoinunua tu nikaipeleka kwa fundi wa barabarani, chini ya mti, elfu 70 gari zima. Akabandika karatasi nyeusi ya tinti mpaka milango ya mbele. Wiki ya kwanza niliona raha kwa sababu mwanga ulipungua, macho yakatulia, nikajiambia ubaridi huo. Lakini ukiweka mkono karibu na kioo joto liko pale pale, na AC niliendelea kuisukuma mpaka mwisho kama zamani. Baada ya miezi kadhaa kioo cha nyuma kikaanza kua zambarau, alafu yakatoka mapovu madogo madogo kama ngozi iliyoungua na maji ya moto. Ile ilikua karatasi ya rangi tu. Inapunguza mwanga, joto inalipunguza kidogo sana, na rangi yenyewe jua linaila.

Hilo la joto na hela ningelisahau. Ambalo sijalisahau ni la usiku mmoja natoka Kondoa, niko kati ya Makutupora na Msalato, saa mbili usiku imepita. Nataka kuingia kushoto kwenye njia ya vumbi, nikaangalia kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma kupitia ile tinti, nikaona giza tupu, nikakata kona. Sijui nini kilinifanya nikanyage breki, labda kivuli, labda sauti. Nikashusha kioo, na hapo ndio nikamuona: mzee anasukuma baiskeli, madumu manne ya maji, hana taa, hana kitu cha kung'aa, yuko kama mita moja na bampa yangu. Kaniangalia kwa upole tu, akasema, "Baba, hukuniona?" Nikamwambia, "Sikukuona mzee wangu, nisamehe sana." Akasema haya, akasukuma madumu yake akaenda. Nilikaa pale nimezima gari kama robo saa. Yule mzee kioo kilivyoshushwa alionekana vizuri tu kwa ule mwanga wa taa zangu, kilichomficha ni karatasi niliyoilipia mwenyewe.

Kesho yake nikaenda kuibandua. Na hapa pia kuna la kusema, kama unabandua tinti ya kioo cha nyuma usikubali fundi aingie na wembe. Zile nyaya nyembamba za kupashia kioo zimebandikwa juu juu tu, wembe unazikata kirahisi. Mimi mbili zimekatika. Njia nzuri ni mvuke, gundi inalainika na karatasi inavutika taratibu yenyewe.

Sasa baada ya hapo ningeweza kukaa na vioo vyeupe vyangu, ila kuna mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, tumwite Neema, ana ualbino. Dada anaishi Kondoa na kila baada ya muda mimi ndio nawaleta Dodoma kuangaliwa macho na ngozi. Safari moja tulitoka asubuhi, tunashuka kusini kupitia Chemba na Mayamaya, jua lote liko kushoto, na Neema kakaa nyuma kushoto. Tumefika Dodoma shavu lake la kushoto na mkono vimekua vyekundu. Dada akashtuka, "Kaka, mtoto alikua ndani ya gari na kioo kimefungwa, jua limempata wapi?" Nikakosa jibu. Neema mwenyewe akanishika shati akasema, "Mjomba, kioo kilikua kinaniuma."

Nikatafuta jibu na jibu lipo. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vimegandishwa na utando wa plastiki katikati, ule utando unazuia karibu UV yote, yani ile miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi. Vioo vya pembeni kwenye magari mengi ni kioo kimoja tu kilichopashwa moto sana alafu kikapozwa ghafla kiwe kigumu, na UV ya aina ya UVA, ile inayopenya ndani ya ngozi, inapita kwa kiasi ambacho kinategemea gari na gari. Kuna daktari wa macho California alipima magari 29 ya makampuni 15, matokeo yakatoka 2016: vioo vya mbele vilizuia wastani wa asilimia 96 ya UVA, vya pembeni wastani asilimia 71, na kuna gari kioo cha pembeni kilizuia 44 tu. Asilimia 44! Kwa mtu mwenye melanini ya kutosha, ile rangi ya asili ya ngozi, hilo ni suala la mkono kua mweusi, kwa mtoto mwenye ualbino ni ngozi yake na maisha yake, mana saratani ya ngozi kwa wenzetu hawa ni kitu halisi na jua ndio chanzo kikubwa. Neema anapakwa Kilisun, yale mafuta ya kukinga jua yaliyoanza kutengenezwa pale hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, anavaa kofia na mikono mirefu. Kwenye gari tulikua tunamvua kofia tukidhani yuko salama.

Na hii ndio habari njema ya makala nzima: karatasi yoyote ya maana inazuia asilimia 99 ya UV hata kama ni nyeupe, yani hata kama huioni kabisa kioo kina kitu. UV haihitaji weusi. Kwaiyo mzazi mwenye mtoto kama Neema asidhani lazima achague kati ya ngozi ya mtoto na sheria.

Fundi wa pili nilimpata kwa kuuliza uliza, ana chumba chake kimefungwa, na aliniambia tusiongee kwanza, tujaribu. Akachukua ile taa nyekundu ya kulelea vifaranga, akaiwasha, akaweka mbele yake kipande cha kioo kitupu, akaniambia weka kiganja nyuma. Sikufika sekunde kumi nikatoa mkono. Akaweka kioo chenye karatasi nyeusi ya rangi kama ile yangu ya elfu 70, nilivumilia kidogo zaidi, kidogo tu, joto likaja lile lile. Akaweka kipande cha tatu, kinaonekana karibu cheupe, nasoma maandishi ya ukutani kupitia hapo. Mkono ukakaa. Tukaanza kuongea mambo ya bei nikasahau kama nimeshika kioo mbele ya taa. Ile ndio seramiki.

Maelezo yake ni hivi. Nguvu ya jua inayotufikia, karibu nusu ni infraredi, macho hayaioni ila ngozi inaisikia kama joto. Sehemu nyingine kubwa ni mwanga wa kawaida tunaouona, na asilimia chache ndio UV. Karatasi ya rangi inazuia mwanga unaoonekana, basi, ile nusu ya infraredi inapita inakuja kukaa na wewe. Seramiki ina chembe ndogo sana zinazoilenga ile infraredi na mwanga zinauacha upite. Kuna na ya metali, inarudisha joto nje kama kioo cha kujitazamia, inafanya kazi vizuri lakini inaweza kusumbua GPS na mtandao wa simu, na redio kama antena yako iko kwenye kioo. Ya kaboni iko katikati, haipauki kama ya rangi, joto inazuia kiasi, kwa asiye na hela ya seramiki sio mbaya.

Ila na ile taa ya vifaranga msiiamini moja kwa moja. Nyumbani nikaja kulifikiria: taa ile karibu joto lake lote ni infraredi, jua sio hivyo, kwaiyo karatasi inayoishinda taa inaonekana nzuri kuliko itakavyokua barabarani. Ndio mana muuzaji akikwambia "inazuia infraredi asilimia 95" usirukie, namba hiyo mara nyingi imepimwa kwenye kipande kidogo tu cha hiyo infraredi. Muulize TSER. Hizo herufi ziko kwenye karatasi ya maelezo ya kila tinti ya kampuni inayojielewa, na maana yake ni nguvu yote ya jua inayozuiwa, ukijumlisha mwanga, infraredi na UV. Seramiki nyeupe nzuri utaikuta kwenye arobaini na kitu mpaka hamsini hivi. Muuzaji asiyejua TSER ni nini anauza rangi.

Namba ya pili ni VLT, asilimia ya mwanga unaopita. Ikiwa kubwa kioo ni cheupe, ikiwa ndogo ni cheusi, watu wengi wanaichanganya hii, anasema "niwekee asilimia 20" akidhani ni tinti kidogo, kumbe ni nyeusi sana. Na kuna hesabu hapa ambayo inawaponza watu. Kioo cha gari chenyewe sio asilimia 100. Tuseme kinapitisha 80, ukibandika karatasi ya 70, unachopata sio 70, ni 0.8 mara 0.7, yani 56. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, na kule sheria inataka kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70, nyuma ndio wameachiwa. Ndio mana Noah na Harrier nyingi zinashuka meli zikiwa nyuma nyeusi na mbele nyeupe. Uingereza nao milango ya mbele ni 70, kioo cha mbele kwa magari ya kuanzia April 1985 ni 75. Na ule weusi wa kiwandani wa nyuma umechanganywa kwenye kioo chenyewe, unanyonya joto zaidi ya kulizuia, weka kiganja pale saa nane mchana utaniambia. Wenye Noah msijione mmeshamaliza, hata kioo hicho kinafaidika na karatasi nyeupe ya seramiki kwa ndani.

Kwa hapa kwetu, kabla ya kubandika mara ya pili nilienda mwenyewe kuongea na trafiki. Sheria mama ya mambo ya barabarani ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na barabarani anayeisimamia ni yule aliyevaa nyeupe, kwaiyo niliona bora anione nimekuja kwa miguu yangu kuliko anisimamishe. Askari aliyenipokea alikua mtu mzima, mstaarabu, akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nikisimama mbele na pembeni ya gari lako nataka nikuone uso, nione mkanda umefunga, nione mikono yako. Nikiona hivyo hatuna ugomvi. Nisipoona, utashusha kioo tutaongea." Nikamuonyesha kipande cha ile seramiki nyeupe nimekishika mkononi, akakiinua, akamwangalia mwenzake aliyekaa ng'ambo ya meza kupitia pale, akacheka akasema hii mbona ni kama hamna kitu. Fanya hivyo hivyo kwa trafiki wa mkoa wako, nenda na kipande mkononi sio maneno, na fundi akikufungia mwambie akuandikie risiti yenye jina la karatasi na VLT yake, kaa nayo kwenye gari.

Gari yangu sasa milango ya mbele ni seramiki nyeupe kabisa, milango ya nyuma na kioo cha nyuma ni ya kivuli kidogo tu. Usiku naona nje kupitia vioo vya pembeni kama havina kitu. Laki tatu na nusu, naijua ni hela, mara tano ya ile ya kwanza. Kama huna yote anza na vioo vya pembeni, hapo ndipo UV inapoingilia, na kama una mtoto mwenye ualbino anza na upande anaokaa yeye hata kama ni kioo kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao.

Kubandika kwenyewe Dodoma adui ni vumbi. Usikubali kazi ifanyike nje, hasa kipindi cha upepo wa mwezi wa saba mpaka wa tisa, chembe moja ikiingia chini ya karatasi inakaa hapo miaka. Fundi wangu alimwagia maji sakafu ya chumba kwanza vumbi lilale, akaosha kioo kwa maji ya sabuni mara tatu, akapitisha kidole kwenye raba za mlango kutoa mchanga, hiyo sehemu wengi wanairuka. Akabandika, akakamua maji kwa raba ngumu kutoka katikati kwenda pembeni. Siku nne usishushe kioo hata ukiombwa na nani, na ukiona ukungu ukungu au viputo vya maji siku za kwanza usivitoboe, vinakauka. Kusafisha tumia maji na kitambaa laini, zile dawa za vioo zenye amonia zinaila karatasi.

Kitu kimoja naomba kieleweke vizuri. Tinti haiokoi gari lililosimama juani limefungwa. Inachelewesha, inapunguza makali, usukani na siti haviungui sana, lakini gari lililofungwa ndani ya saa moja linaweza kupanda nyuzi 22 juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya hapo inapanda nusu saa ya kwanza. Nje kukiwa 31 fanya hesabu mwenyewe. Mtoto haachwi humo hata dakika tano za kununua vocha, tinti iwe ya bei gani. Ukirudi kwenye gari fungua milango ya pande zote mbili hewa ipite dakika moja, ndio uwashe AC.

Wiki iliyopita tumemleta tena Neema, safari ile ile, asubuhi, jua kushoto. Kofia safari hii hatukumvua na Kilisun kapakwa kama kawaida. Tulivyofika dada akamgeuza shavu kwenye mwanga akaliangalia kwa muda, akaniangalia, akasema "Asante kaka." Rangi ni ile ile aliyotoka nayo Kondoa.

Kilichobaki ni kioo cha mbele. UV yenyewe kinazuia, ila joto la kwenda Mtumba asubuhi na kurudi jioni linaingilia hapo, na kuna karatasi nyeupe kabisa ya kuzuia infraredi inayofaa. Kabla ya yote narudi na kipande chake kwa yule askari. Akiridhika, fundi kasema tusubiri mvua za mwezi wa kumi na mbili zilaze vumbi, kioo kile ni kikubwa na chembe moja katikati ya macho itanisumbua kila siku. Mpaka hapo natumia lile pazia la kung'aa nikiegesha, na miwani ya jua nikiendesha.